Kamera imekuwa kimya baada ya harusi ya ufukweni: kagua mlango wa betri kabla ya kulipia mazabodi

*“Mtaalamu, habari za kazi. Nina DSLR ya Canon ya mtumba (kamera kubwa ya kubadilisha lenzi) inayotumia betri ya LP-E6, na chini yake nimefunga gripu inayobeba betri mbili. Mwezi uliopita nilipiga harusi ufukweni Kigamboni, ikafanya kazi vizuri mpaka mwisho. Nikaifuta kwa kitambaa kikavu, nikaitia kwenye begi. Wiki tatu baadaye naiwasha kwa ajili ya sendoff: kimya. Hakuna taa, hakuna skrini. Nimechaji betri zote mbili, taa ya chaja inageuka kijani baada ya dakika kama kumi tu. Nikatoa gripu, nikaweka betri moja ndani ya kamera yenyewe, bado. Fundi mmoja Kariakoo ameitazama kwa macho akasema mazabodi, yaani bodi kuu ya umeme, imekufa, laki tatu na nusu. Jamaa mwingine anasema niizike kwenye mchele siku tatu. Nifanye nini? Na picha za harusi bado zimo kwenye kadi.”*

Nzuri, ndugu yangu. Tuanze na picha, maana nadhani ndizo zinazokunyima usingizi. Kwa kawaida ziko salama. Memori kadi haihitaji umeme kutunza kilichomo, na kamera kutowaka hakufuti kitu. Fungua mlango wa kadi, itoe, itumbukize kwenye kisoma kadi cha kompyuta na unakili kila kitu sehemu mbili tofauti kabla hujagusa kingine chochote. Usiitie kadi hiyo kwenye kamera ya mwenzako “kuangalia tu”. Kamera nyingine inaweza kukuuliza kama uifomati, na kidole kikateleza.

Sasa kamera. Wasiwasi wako ni kwamba mazabodi imekufa. Inawezekana, chumvi ya bahari imeua nyingi. Lakini mpaka hapa hakuna aliyepima kitu. Fundi ametazama kwa macho, na umeme hauonekani kwa macho. Halafu yale majaribio yako mawili, la kuchaji na la kutoa gripu, yote yana mwanya ambao unaweza kuwa umekudanganya.

Nianze na gripu. Ili kuifunga kwenye kamera za aina yako, mlango mdogo wa betri ulio chini ya kamera hung’olewa, kisha shingo ya gripu ikaingia kwenye tundu la betri. Umeniambia ulitoa gripu ukaweka betri ndani ya kamera. Hukuniambia kama uliurudisha ule mlango. Pembeni mwa tundu la betri kuna swichi ndogo sana, na mlango una jino la plastiki linaloibonyeza unapofungwa. Swichi hiyo isipobonyezwa kamera haiwaki hata betri ikiwa mpya kutoka dukani. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili kamera ijizime yenyewe mlango ukifunguliwa, kabla mtu hajachomoa betri. Kwa hiyo kama ulijaribu bila mlango, jaribio lako halikuonyesha lolote: kamera nzima nayo ingekaa kimya vilevile.

Mlango wenyewe watu wengi huupoteza, lakini huenda unao bila kujua. Gripu nyingi za kamera hizi zina upenyo kwenye ile shingo ndefu, na mlango huhifadhiwa humo. Uchomoe, uurudishe kwenye bawaba yake, ufunge mpaka usikie mlio, kisha washa. Kama huna mlango, au jino lake limekatika, tia betri, utafute ile swichi ukingoni mwa tundu na uibonyeze kwa kijiti cha meno huku umewasha kamera. Kijiti cha mbao, si bisibisi wala pini ya nywele, kwa sababu unafanya kazi sentimita moja kutoka kwenye pini zenye umeme. Kamera ikiwaka, mwili ni mzima: jaribio lako lilikosa kipande cha plastiki tu, na kilichoizima mwanzo kitafute kwenye gripu. Mlango wa kadi nao uwe umefungwa kabisa, kwani kwenye kamera nyingi una swichi ya namna hiyohiyo.

Twende kwenye betri, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hiyo taa ya kijani ya dakika kumi inasema mengi.

LP-E6 ni seli mbili za lithiamu zilizounganishwa mfululizo. Imeandikwa volti 7.2, lakini ikijaa hufika karibu 8.4. Ya asili ya kwanza ina mAh 1800 (kipimo cha chaji inayobeba), LP-E6N ina 1865, na LP-E6NH ina 2130. Betri ya umbo hili yenye jina hilohilo ikidai zaidi ya hapo, ishuku: mara nyingi aliyeandika tarakimu ni mchapaji wa karatasi, si seli iliyomo ndani. Kwa chaja yake halisi, betri iliyokwisha huchukua kama saa mbili na nusu kujaa. Taa ya machungwa humweka mara moja kila sekunde ikiwa chini ya nusu, mara mbili ikivuka nusu, mara tatu ikivuka robo tatu, ndipo kijani kinatulia. Betri zako zimetoka kwenye harusi nzima, zikalala wiki tatu, halafu zikajaa kwa dakika kumi. Haiwezekani. Kwa hiyo kuna mawili.

La kwanza ni chaja. Chaja nyingi za bei chee zina taa ya kijani inayowaka wakati wowote hakuna umeme unaoingia kwenye betri, hata kama betri haipo. Ichomeke ukutani ikiwa tupu. Ikiwaka kijani, basi kijani chake hakimaanishi “imejaa”, kinamaanisha “sipitishi kitu”, na pengine pini zake zimeshika uchafu au hazigusi betri sawasawa.

La pili ni seli zilizochoka. Seli ikizeeka upinzani wake wa ndani hupanda. Chaja ikisukuma umeme, volti inaruka juu haraka, chaja inadhani kazi imekwisha, inazima. Ukipima utakuta 8.2 na utaapa betri ni nzima. Lakini kamera inapowaka huhitaji mkupuo wa umeme kwa mara moja, kwa ajili ya prosesa, sensa na mota ya lenzi, na hapo ndipo volti huporomoka na kamera ikakata kabla hujaona kitu. Ni kama bomba la mtaani lenye presha ya uongo: ukifungua kidogo linatoa, ukifungua lote linakauka.

Kwa hiyo kupima ni hatua mbili. Chukua multimita, uiweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Gusa vibati vilivyoandikwa + na −, na ncha zisigusane. Kati ya 8.2 na 8.4 imejaa. Ikikaribia 7.4 ina chaji kiasi. Chini ya 6.5 imekwisha. Ukisoma sifuri, ama seli zimekufa ama saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri imekata, na tafadhali usikubali mtu “aishtue” kwa kuiunganisha na betri nyingine kwa waya. Seli ya lithiamu iliyoshuka mno ikirudishiwa chaji kwa nguvu inaweza kupata shoti ndani na kuwaka moto. Betri iliyovimba, hata kidogo tu kiasi cha kusugua kuta za tundu, haichajiwi tena.

Hatua ya pili ni kuipa mzigo. Fundi redio yeyote ana rezista ya omu 10, wati 10. Ikiunganishwa kwenye betri kwa sekunde tano hivi huvuta karibu ampea 0.8. Betri nzima itashuka kidogo tu, labda kutoka 8.3 hadi 8.1. Ikishuka zaidi ya volti moja, hiyo imechoka. Kama huna vifaa, ipo njia rahisi zaidi: peleka betri zako kwa mpiga picha mwenye kamera ya aina hiyohiyo inayofanya kazi, uzijaribu kwake. Fuata mpangilio huo, betri zako kwenye kamera yake kwanza. Kutia betri yake nzima kwenye kamera yako yenye shaka kuje baadaye, na ukifanya hivyo, iache dakika moja kisha uitoe na uishike. Ikiwa ya moto ilhali kamera haijawaka, kuna shoti ndani. Acha majaribio hapo hapo.

Kuhusu betri feki, watu husema kamera “imeikataa” ndiyo maana haiwaki. Si kawaida. Betri isiyotambulika huleta ujumbe kwenye skrini kwamba kamera haiwezi kuwasiliana nayo, na kukuuliza kama uendelee. Ili ukuulize, lazima iwake kwanza. Kimya kabisa kina sababu nyingine.

Tuje kwenye chumvi, kwa sababu swali ambalo hukuliuliza ni hili: mbona kamera ilifanya kazi ufukweni ikaja kufa kwenye begi? Upepo wa bahari hubeba matone madogo ya maji ya chumvi. Kitambaa kikavu huondoa maji kikaacha chumvi, tena huisukuma kwenye mianya, na mwanya kati ya gripu na kamera ni mahali pazuri pa kujificha. Chumvi hunyonya unyevu hewani, na hewa ya Dar haina uhaba wa unyevu, hasa msimu wa masika. Kwa hiyo ile chumvi haikukauka. Ilikaa na unyevunyevu wake kwa wiki tatu. Nawe uliacha betri ndani, ambapo hata kamera ikiwa imezimwa volti zinaendelea kusimama kwenye pini na sehemu fulani za bodi. Unyevu wenye chumvi ukikutana na umeme, shaba huliwa, na kutu ya kijani au nyeupe huota. Betri ingetolewa usiku uleule, uharibifu ungekwenda polepole zaidi.

Ndiyo maana mchele hauna kazi hapa. Hata kama ungeweza kukausha, na hukausha vibaya, hauwezi kuondoa chumvi. Utaongeza tu vumbi la wanga kwenye matundu. Uache uliwe.

Kinachoondoa chumvi ni maji safi, na hapa wengi hukosea kwa kukimbilia spiriti. Isopropili ya asilimia 99 wanayotumia mafundi simu ni nzuri kwa mafuta na uchafu, lakini chumvi haiyeyuki ndani yake vya kutosha. Nenda duka la dawa ununue maji ya sindano, vile vichupa vidogo vya mililita 10. Hayana madini. Usitumie maji ya betri ya gari usiyoyajua, kwani kwenye maduka mengine chupa ya maji na ya asidi hukaa rafu moja. Lowesha kijiti cha pamba, ukikamue mpaka kisidondoshe hata tone, halafu futa vibati vya betri, pini zilizo ndani ya tundu la betri, pini za shingo ya gripu, na vibati vya mviringo vinavyogusana na lenzi. Badilisha pamba kila ikipata rangi. Kisha rudia kwa pamba yenye isopropili ili kuondoa maji, na uache wazi saa moja au zaidi mahali penye feni, betri ikiwa nje. Kioo na sensa usiviguse kwa pamba hiyo.

Spiriti ya kusafishia vidonda si mbadala mzuri, ina maji mengi na mara nyingine mafuta. Msasa usiguse kabisa: vibati hivyo vina ngozi nyembamba ya dhahabu, na ukiikwangua, kutu itarudi ndani ya miezi. Kwenye vibati vya betri pekee, raba laini ya penseli ikipitishwa mara mbili tatu inatosha. Pini za ndani ya kamera zina springi. Zibonyeze taratibu kwa kijiti cha meno uone kama zote zinarudi juu. Moja ikibaki chini, haigusi betri, na hilo peke yake linatosha kuinyamazisha kamera.

Baada ya hapo ivue kamera kila kitu. Gripu nje, lenzi nje na kifuniko cha mwili kiwekwe, kadi nje, flashi na triga ya juu nje, waya zote nje. Betri ikiwa nje, weka swichi kwenye ON na uiache dakika ishirini ili umeme uliobaki kwenye kapasita ndogo uishe. Prosesa iliyoganda huweza kuzinduka kwa njia hii. Rudisha swichi OFF, tia betri uliyoihakikisha, funga mlango, washa. Ikiwaka, rudisha kitu kimoja kimoja huku ukizima na kuwasha. Kitakachoizima ndicho chenye kosa, na kwa kamera iliyotoka ufukweni mimi ningeanza kushuku gripu na lenzi.

Tazama pia kama kimya ni kimya kweli. Skrini ndogo ya juu ikionyesha namba, au ukisikia mlio mdogo wa sensa kujisafisha, umeme unafika na tatizo ni la skrini ya nyuma. Taa nyekundu ikimweka mara moja ikazima, kamera ilijaribu kuwaka ikakosa nguvu: rudi kwenye betri.

Kama umefika hapa, betri imethibitishwa kwa mzigo, mlango unabonyeza, pini ni safi, na bado hakuna kitu, sasa ni kazi ya fundi. Usiifungue nyumbani. Kamera zenye flashi ya kuchomoza, kama 60D, 70D na 80D, zina kapasita inayoshika volti karibu 300 hata betri ikiwa nje, na inapiga. Na ukiona maji au ukungu ndani ya kioo, au betri ilipata moto, nenda moja kwa moja bila hata kufanya majaribio haya.

Kwa fundi, swali lako liwe moja: umeipima kwa pawa saplai? Fundi makini hulisha kamera volti kama 8 kutoka kwenye meza yake na kutazama ampea. Ikivuta sifuri, njia imekatika mahali: fyuzi ndogo ya bodi ya umeme, swichi ya mlango, au waya wa swichi kuu. Hizo ni kazi ndogo. Ikivuta umeme mwingi mara moja, kuna shoti. Ikivuta kidogo ikapanda na kushuka, prosesa inajaribu, na hapo mazabodi ndiyo inaanza kushukiwa. Anayekutajia laki tatu na nusu bila kukupa namba hiyo anakisia kwa pesa yako. Akikuta fyuzi imekatika, atafute kilichoikata, na aweke fyuzi ya kiwango kilekile. Kuirukisha kwa waya ni kuiambia shoti inayofuata ichome bodi nzima.

Mafundi simu wengi wa Kariakoo wana mkono mzuri wa kulehemu vitu vidogo kuliko unavyodhani, na kwa fyuzi au kusafisha kutu ya bodi sioni ubaya kuwatumia. Kwa shata, kioo cha ndani na sensa, tafuta anayefungua kamera kila wiki. Mwachie mwili mtupu tu. Kadi, lenzi, betri na mkanda urudi navyo. Andika namba ya kamera kwenye risiti, na omba kipuri kilichotolewa urudishiwe.

Kuhusu pesa nitakuwa mkweli. Ikiwa ni mlango, betri, pini au fyuzi, tengeneza bila kufikiri mara mbili. Ikiwa kutu imeingia mpaka kwenye mazabodi, matengenezo yanaweza kufanikiwa leo na kamera ikazima tena baada ya miezi miwili, maana kutu iliyobaki chini ya vipuri haionekani. Bei ya kazi hiyo ikivuka nusu ya bei ya mwili wa mtumba wa aina yako, nunua mwili, na hii ya zamani iuze kwa fundi kama vipuri. Ukiamua kuitengeneza, ifanye kamera ya pili. Usiende nayo peke yake kwenye ndoa ya mtu mpaka imekaa nawe msimu mzima wa mvua bila kuzingua.

Kwa hiyo sendoff, kodi mwili wa kupigia. Majaribio haya yanahitaji siku mbili za utulivu, na yakifanywa kwa haraka usiku wa kuamkia kazi, ndipo vijiti vya meno hugeuka bisibisi.